Pikipiki ya Mkopo: 390 kwa Siku Ni Pesa Ngapi Ukimaliza Miaka Miwili?

Bango huwa linasema hivi: leta kitambulisho na malipo ya kwanza ya shilingi 30,000, uondoke na pikipiki leo. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, kuna 390 kwa siku. Kama unaendesha boda ya mtu na kila jioni unampelekea mwenyewe pesa zake, hiyo 390 inaonekana ndogo sana. Si ni zilezile unazotoa kila siku? Sasa zitakuwa zinakununulia yako.

Wazo lenyewe si baya. Wengi wameanza hivyo na leo wana pikipiki zao. Shida iko kwenye muda.

Fungua kalkuleta ya simu tupige hesabu pamoja. Hizi ni nambari za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme pikipiki hiyo ukilipa taslimu ni 180,000. Mkopeshaji anakupa njia mbili, na zote zinaanza na 30,000. Ya kwanza ni mwaka mmoja, 560 kwa siku. Zidisha kwa siku 365, ongeza 30,000, unapata 234,400. Ya pili ni miaka miwili, 390 kwa siku. Zidisha kwa 730, ongeza 30,000: 314,700.

Umeona? Umepunguziwa 170 kwa siku, lakini mwishowe umelipa 80,300 zaidi kwa pikipiki ileile. Bango halikudanganya, ni vile tu halikuzidisha.

Halafu kuna pikipiki yenyewe. Boda haizeeki kama pikipiki ya kwenda kanisani Jumapili. Inabeba watu wawili, gunia la viazi, inapanda mlima kwenye matope, kutoka alfajiri hadi usiku. Mwaka wa pili ndipo cheni, tairi, klachi na injini huanza kudai pesa kwa zamu. Kwa hivyo wakati ule pikipiki inakula pesa nyingi zaidi kwa fundi, bado deni linaendelea. Na deni halijui kwamba leo hukutoka kwa sababu ya mvua au malaria. Mikataba mingi ya kulipa kila siku huhesabu hata Jumapili, kwa hivyo soma wako uone.

Sasa fikiria mwezi wa 20. Kwenye mfano wetu ushalipa siku 608, yaani 267,120 pamoja na zile za mwanzo. Hiyo ni zaidi ya bei ya taslimu. Injini inakufa, unakaa wiki mbili bila kazi, malipo yanarundikana pamoja na faini. Kama mkataba unaruhusu, mkopeshaji anaweza kuichukua pikipiki, hata kama kilichobaki ni 47,580 tu. Jina lako liko kwenye logibuku, lakini kwa kawaida na la mkopeshaji liko hapo mpaka umalize. Ukishindwa kabisa, jina lako linaweza kupelekwa CRB, na mkopo unaofuata unakuwa mgumu.

Hapo ndipo mtu hukopa kwenye simu jioni ili alipe 390 ya leo. Sisi tunafanya biashara ya pesa za simu na bado tunakuambia: usifanye hivyo. Ukikwama, mpigie mkopeshaji siku ya kwanza, si ya kumi, na makubaliano yoyote mnayofanya yawe kwa maandishi.

Kabla ya kuweka sahihi, uliza jumla yote ni shilingi ngapi hadi siku ya mwisho. Uliza pia ukipata pesa ukamaliza mapema, utapunguziwa au utalipa ileile? Hili swali wengi hulisahau, na lina pesa nyingi ndani yake. Bima je? Ya kulinda watu wengine barabarani ni lazima kisheria, lakini pikipiki ikiibwa hiyo haikusaidii, na deni unabaki nalo. Kama una chama au sacco, linganisha riba yao kwanza. Na kama unaweza kungoja miezi sita ukiweka akiba, malipo ya kwanza yakawa makubwa, deni linakuwa fupi.

Ukianza kulipa, tuma kwa nambari ya kampuni iliyo kwenye mkataba, si kwa simu ya ajenti hata kama mmezoeana. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Usifute ujumbe wa malipo, na kila mwezi omba stetimenti uilinganishe na rekodi ya simu yako.

Siku ya kumaliza, omba barua ya kuonyesha hudaiwi, na uhamisho wa logibuku uanze kwenye eCitizen ukiwa bado umesimama pale ofisini. Ukiambiwa urudi wiki ijayo, uliza ni siku gani na ni nani atakuhudumia, kisha uandike.