Kiongozi Mmoja au Wengi? Urithi wa Ella Baker katika Harakati za Haki Nchini Marekani

Harakati za kupigania haki za kiraia nchini Marekani aghalabu husimuliwa kama utendi. Shujaa anaibuka Montgomery mwaka wa 1955 akiwa na umri wa miaka 26. Anauhutubia umati mkubwa jijini Washington mwaka wa 1963. Anauawa kwa risasi mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Msomaji aliyezoea kisa cha Fumo Liyongo anautambua muundo huu mara moja. Hakuna ubaya kumtukuza Martin Luther King. Tatizo ni kwamba utendi wa aina hii hukaribia tamati shujaa anapokufa, ilhali ubaguzi wa rangi haukuzikwa pamoja naye. Je, vijana walioandamana Ferguson mwaka wa 2014 na Minneapolis mwaka wa 2020 walirithi nini, na kutoka kwa nani? Makala haya yanashikilia kwamba mtindo wenyewe wa uongozi waliourithi unatokana zaidi na mwanamke asiyetajwa sana katika vitabu vya shule, Ella Baker.

Baker alizaliwa Norfolk, Virginia, mwaka wa 1903, akalelewa North Carolina akisikiliza visa vya utumwa kutoka kwa nyanyake. Katika miaka ya 1940 alizunguka majimbo ya Kusini kwa niaba ya chama cha NAACP, akilala katika nyumba za wanachama na kuwasikiliza wakieleza yaliyowasumbua katika mitaa yao. King na wachungaji wenzake walipounda muungano wa SCLC mwaka wa 1957, Baker ndiye aliyeiendesha afisi yao ya Atlanta. Humo alikumbana na desturi ambayo labda si ngeni hata kwingineko: wanaume wahubiri, wanawake wachape barua. Hata hivyo, hoja yake ilikuwa pana kuliko suala la jinsia. Aliona kwamba umma uliozoezwa kumsubiri mkombozi haujifunzi kujikomboa, na kwamba mkombozi huyo akinunuliwa, akitishwa au akiuawa, kila kitu huanguka naye.

Nafasi ya kuijaribu hoja hiyo ilikuja upesi. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne Weusi wa chuo cha North Carolina A&T waliketi kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu katika duka la Woolworth mjini Greensboro, wakakataa kuondoka. Mgomo huo wa kukaa kitako ulisambaa katika miji mingi kwa muda mfupi. Baker aliwaita wanafunzi hao katika Chuo Kikuu cha Shaw mjini Raleigh wakati wa Pasaka, mwezi wa Aprili. Wapo waliotaka wafanywe tawi la vijana la SCLC, Baker alipinga. Wanafunzi wakaanzisha kamati yao wenyewe, SNCC, naye akawa mlezi wao, mzee kikaoni aliyeuliza maswali mengi kuliko alivyotoa majibu.

Mbinu ya SNCC ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza: nenda kijijini, kaa huko, watafute walio tayari, kisha uwaachie wao usukani. Mississippi ndipo ilipopimwa. Katika mji wa Ruleville mwaka wa 1962 walimpata Fannie Lou Hamer, mwanamke wa miaka 44, mtoto wa ishirini katika familia ya vibarua wa pamba, ambaye hata hakuwa amejua kwamba mtu Mweusi ana haki ya kujiandikisha kupiga kura. Tarehe 31 Agosti alikwenda Indianola kujiandikisha, na siku iyo hiyo akafukuzwa katika shamba alilolifanyia kazi kwa miaka 18. Mwaka uliofuata alipigwa vibaya katika jela ya Winona. Mnamo 1964, yeye na wenzake walikwenda Atlantic City kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democrat kudai viti vya ujumbe wa Mississippi, uliokuwa wa Wazungu watupu. Walipewa viti viwili. Baadhi ya viongozi mashuhuri waliwasihi wakubali. Hamer na wenzake wakakataa. Tukio hilo mara nyingi huhesabiwa kuwa kushindwa, lakini ndilo linalomweleza Baker vizuri zaidi: walioongozwa jana sasa waliweza kuwaambia wakubwa hapana.

Matunda hayakukawia. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965, baada ya damu kumwagika Selma. Mississippi, ambako takriban asilimia 7 tu ya Weusi waliostahiki walikuwa wamejiandikisha mwaka wa 1964, ilifikia karibu asilimia 60 mnamo 1967.

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu yao ya kuikumbuka SNCC. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kujinyakulia uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alizuru Atlanta. Vijana wa SNCC walikwenda kumwona hotelini, kisha wakaingia mkahawani kunywa kahawa. Wakanyimwa huduma, wakakataa kutoka, wakakamatwa. Kisa hicho kilitungiwa wimbo wenye jina la Odinga, na neno uhuru likaimbwa Kusini mwa Marekani.

Mwaka wa 2013, baada ya aliyemuua kijana Trayvon Martin kuondolewa mashtaka, wanawake watatu, Alicia Garza, Patrisse Cullors na Opal Tometi, waliasisi vuguvugu la Black Lives Matter bila kumtawaza msemaji mmoja. Katika maandamano ya Washington mwezi wa Desemba 2014, vijana kutoka Ferguson walipanda jukwaani kulalamika kwamba waliokuwa barabarani kwa miezi walinyimwa nafasi ya kusema. Baker angewaelewa. Lakini pana jambo ambalo huenda angewauliza. Baada ya George Floyd kuuawa tarehe 25 Mei 2020, maandamano yalifanyika katika majimbo yote 50. Hata hivyo, mswada wa kurekebisha polisi uliopewa jina la Floyd ulipita katika Bunge la Wawakilishi Machi 2021 na kukwama katika Seneti. Kumkataa kiongozi mmoja ni nusu tu ya fundisho la Baker. Nusu ya pili ni ile kazi isiyopigwa picha: kubisha mlango baada ya mlango, mwaka baada ya mwaka, mpaka wenyeji wawe na chama chao. Simu ya mkononi hukusanya umati kwa saa chache, ila haijui jirani yupi anaogopa kufukuzwa kazi.

Kazi hiyo haijapungua umuhimu, kwa kuwa yaliyopatikana mwaka wa 1965 yamekuwa yakimegwa. Tarehe 25 Juni 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliondoa utaratibu uliozilazimu sehemu zenye historia ya ubaguzi kuomba idhini kabla ya kubadilisha kanuni za kura. Sheria kali ya uchaguzi ya North Carolina ilitiwa sahihi mwezi wa Agosti mwaka uo huo. Mjini Raleigh, ulikozaliwa SNCC, watu walikuwa wakijaa katika bunge la jimbo kila Jumatatu tangu Aprili, wakiongozwa na mchungaji William Barber, na mamia yao wakakamatwa.

Miongoni mwa waliokamatwa alikuwemo Rosanell Eaton, ajuza wa miaka 92. Mnamo 1942, akiwa na miaka 21, alikwenda mahakamani kwa gari la nyumbu kujiandikisha kupiga kura. Maafisa watatu Wazungu walimwamuru asimame wima na kuukariri utangulizi wa Katiba ya Marekani. Akaukariri. Tangu hapo aliwaandikisha wapiga kura wengine maelfu. Sheria ya 2013 ilimrudisha ofisini mara nyingi kwa kuwa jina lake liliandikwa tofauti kidogo katika stakabadhi zake. Alikuwa mmoja wa walioishtaki sheria hiyo, na Julai 2016 mahakama ya rufaa iliibatilisha, ikisema ililenga kuwaathiri Weusi makusudi. Eaton alifariki Desemba 2018. Mwezi uo huo bunge la jimbo likapitisha sheria mpya ya vitambulisho vya wapiga kura, iliyoanza kutumika mwaka wa 2023.