Kamera Uani, Runinga Sebuleni kwa Mwenye Nyumba

Pikipiki ikiibwa uani, haipiti wiki kamera imefungwa. Ndivyo mradi huu unavyoanza katika nyumba za kupanga kando ya barabara kuu ya Mbeya–Tunduma, Nanyala ikiwamo. Mwenye nyumba ananunua kamera nne na kisanduku cha kurekodia, asubuhi fundi anapanda ngazi, jioni kazi imekwisha. Bajeti imetaja nyaya, skrubu na nauli ya fundi. Nani atatazama hizo picha, hakuna aliyeuliza.

Ugomvi huanzia hapo. Nyumba hizi vyumba vinatazamana, bomba moja, choo nyuma. Kamera ya geti haina wa kuilalamikia. Ya pili, kwa kuwa fundi amefuata ukuta imara na mahali waya unapofika, inaishia kutazama njia ya chooni. Mama aliyejifunga kanga moja alfajiri, ndoo mkononi, anapita mbele yake, na picha inatua kwenye runinga ya mwenye nyumba, watoto wakisubiri katuni. Wapangaji nao wana dawa yao: shuka linaanikwa kwenye kamba mpaka lizibe jicho la kamera. Likitolewa, kesho limerudi.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Wapangaji wanane wakichangia mita moja, uniti huisha hata saa nane usiku, na kamera hulala pamoja na taa, saa ileile anayoitaka mwizi. Mwenye nyumba akidai umeme wa kamera nao uchangiwe, anaulizwa swali la haki kabisa: tulipie kutazamwa?

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mhusika ajue mapema taarifa zake zinakusanywa kwa kusudi gani na zitamfikia nani. Lakini mkataba wa pango, ukiwapo, ni karatasi moja ya kodi ya miezi sita na marufuku ya kufuga kuku.

Huko Jamhuri ya Cheki, František Ryneš alichoka kuvunjiwa madirisha, akafunga kamera chini ya paa lake, ikanasa watuhumiwa wawili. Hata hivyo, Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayofika barabarani si jambo la nyumbani kwake tu. Ua wa wapangaji wanane je?

Kamera ya geti mimi naiunga mkono. Pikipiki ndiyo ajira ya mtu. Ila kisanduku kifungiwe kabatini, ufunguo ukae kwa mwenye nyumba na nywila kwa mpangaji waliyemchagua wapangaji wenyewe, picha zifunguliwe kukitokea wizi. Na ile kamera ya pili igeuzwe itazame pikipiki zinapolala, fundi akiwa bado juu ya ngazi, kabla hajalipwa.