Herufi Zinazojiandika

Juma lililopita tulialikwa Westlands, Nairobi, nyumbani kwa mama mmoja mzaliwa wa Lamu ambaye kazi yake ni kutengeneza kurasa za intaneti. Alikuwa akiandaa ukurasa wa kuwafunza watoto wa chuoni kuandika alifu na ndugu zake, akataka tuutazame kabla haujafunguliwa.

Aligusa kioo cha simu, na mbele ya macho yetu herufi ba ikajichora, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha nukta ikadondoka chini yake. Tulidhani ni filamu.

"Hapana, Sheikh. Filamu ingewamalizia wazazi bando. Haya ni maandishi tu."

Akatufafanulia. Herufi huhifadhiwa kwa SVG, yaani mchoro ulioelezwa kwa mistari na vipimo. Mstari hukatwa vipande, ila kipande kimoja huwa kirefu sawa na herufi nzima, na pengo lake vivyo hivyo. Mwanzo huonekana pengo tupu. Kisha lugha ya CSS huamrishwa kukisogeza kipande taratibu, na wino ukadhaniwa unatiririka. Sisi tuliofunza hati kwa kalamu ya mwanzi miaka mingi hatukupata kumwonyesha mwanafunzi mwendo wa mkono mara ishirini bila ya kuchoka.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa Flash, programu iliyokomeshwa mwishoni mwa 2020, na michezo mingi ya watoto ikazimika nayo. GIF, iliyobuniwa 1987, ingali hai, lakini aghalabu ni nzito.

Nyuma ya herufi alikuwa ametia nyota za kuwaka na kuzimika upesi upesi. Tulizisifu sana. Dada yake, aliyekuwa akimimina chai, akanyamaza, kisha akauliza kama mwanawe naye atausoma ukurasa huo. Mtoto yule ana kifafa.

Mwongozo wa kimataifa wa wajenzi wa kurasa waonya kwamba kitu kisimulike zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwani huweza kuamsha kifafa. Tena simu nyingi zina mpangilio wa kupunguza mwendo kwa wapatao kizunguzungu, na CSS yaweza kuutambua ikatuliza kila kitu. Mwenyeji wetu aliyajua yote mawili.

"Nilitaka wapendezwe," akasema, akazifuta nyota pale pale. Ukurasa ukabaki mweupe, na ba ikaanza kujiandika upya.