Rangi Inayomsaidia Mganga Kuona

Wengi wenu mnaijua dawa ya violeti inayopakwa katika kinywa cha mtoto mwenye utando mweupe. Lakini rangi ina kazi nyingine: humsaidia mganga kuona. Waganga wanaotibu fistula, kazi inayojulikana sana katika Hospitali ya Panzi hapa Bukavu, hutia maji ya bulu katika kibofu cha mwanamke. Yanapotokea, ndipo penye tundu.

Ni vivyo hivyo katika utumbo mkubwa. Humo huweza kuota vinyama vidogo, vingine vyenye shina kama uyoga, vingine vimelala. Kwa kawaida haviumi. Vingi havina hatari, lakini vingine hugeuka polepole kuwa kansere, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi. Kinyama kikiondolewa mapema, hakiwezi tena kugeuka.

Mganga hutazamaje? Kwanza mgonjwa hunywa dawa ya kuharisha ili utumbo uwe safi. Kisha mganga hupitisha mpira mwembamba wenye taa katika njia ya haja kubwa. Akiona kinyama, hukinyunyizia rangi. Bulu ya indigo hukaa katika mikunjo, kama maji ya mvua kati ya matuta ya shamba, na mipaka ya kinyama huonekana wazi. Bulu ya metileni na violeti hushika ngozi yenyewe. Kwa kioo kinachokuza mara nyingi, mganga huona vitundu vidogo sana.

Katika miaka ya 1990, mganga Shin-ei Kudo wa Japani alivipanga vitundu hivyo kwa namna zake:
1. Vya mviringo, vilivyo sawasawa: ngozi ni nzima.
2. Kama nyota: kwa kawaida si hatari.
3. Kama mirija au matawi: kinyama kiondolewe.
4. Vilivyovurugika: kansere yashukiwa.

Mashini hizo haziko katika kila hospitali. Lakini huko Kenya, hospitali ya misioni ya Tenwek imetumia iodini kupima njia ya chakula: ngozi nzima hugeuka kahawia, penye ugonjwa hubaki pameupe.

Basi, ndugu, usifiche damu katika choo kwa sababu ya haya. Usiseme, “Ni amiba tu,” ukanunua vidonge sokoni. Ukiona damu, au choo kikibadilika kwa majuma mengi, au ukikonda bila sababu, njoo upimwe. Ikiwa baba, mama au ndugu yako alipata kansere ya utumbo, mwambie mganga, hata kama huumwi.