Pombe ya Usiku na Usukani wa Asubuhi

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.

Baada ya darsa ya akina mama ya Alhamisi, hapa kwetu Junda, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Mwanawe ni dereva wa tuktuk. Kila asubuhi huwachukua watoto wa majirani akawapeleka shule, kisha hushika njia ya Mishomoroni na Kisauni kutafuta abiria mpaka jioni. Jumamosi na Jumapili kijana huyo hunywa, na hurudi nyumbani usiku wa manane. "Sheikh," alituambia, "usiku namwombea Mungu arudi salama, na asubuhi namwombea asiweze kuamka. Nikimfichia ufunguo, nitakuwa nimeitangaza aibu ya mwanangu?"

Huenda msomaji akauliza: jarida la familia za Kiislamu lina haja gani ya kuzungumzia pombe, na hali uharamu wake umekwisha kubainishwa katika Suratul Maida, aya ya 90? Twajibu kwamba uharamu wa kitu haujakizuia kuingia majumbani mwetu. Mnazi unagemwa jirani zetu, na vilabu havipo mbali na misikiti. Kunyamaza kwetu hakujamrudisha kijana hata mmoja. Leo basi hatukusudii kurudia hukumu ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua. Twataka kuizungumzia ile saa ambayo hatuizungumzii kamwe: saa kumi na mbili asubuhi, mlevi wa jana anapooga, akavaa shati safi, akanywa chai, akachukua ufunguo.

Watu wengi hudhani kwamba usingizi huondoa pombe. Haiondoi. Kazi ya kuivunja pombe ni ya ini, na ini lina mwendo wake usioharakishwa. Kwa mtu mzima wa kawaida, huvunja takriban gramu 10 za pombe kwa saa, na kwa wengine ni pungufu ya hapo. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina takriban gramu 20. Maana yake ni kwamba chupa moja hulitaka ini saa mbili nzima.

Na tupige hesabu. Mtu ameanza kunywa saa mbili usiku. Mpaka saa sita usiku amemaliza chupa nane, yaani gramu 160. Akalala. Saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi zimepita tangu alipoanza, na ini limevunja kiasi cha gramu 100. Gramu 60 zingalimo mwilini. Mtu huyu anapolishika usukani ni kama aliyeamka akanywa chupa tatu za bia kabla ya chai. Pombe yake haitamalizika ila karibu na adhuhuri, na wakati huo watoto wa watu amekwisha kuwafikisha shule, au hakuwafikisha.

Hesabu hii ni ya bia, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Mnazi hauna maandishi. Ule uliogemwa asubuhi huendelea kuchacha mchana kutwa, na wa jioni huwa mkali kuliko ulivyotoka mtini. Chang'aa ndiyo kabisa, kwani aliyeipika hajui nguvu yake, sembuse anayeinywa. Mnywaji wa vitu hivi hana njia ya kujua asubuhi amebakiwa na kiasi gani.

Ziko dawa ambazo vijana hupeana: kuoga maji baridi, kahawa chungu, supu ya moto yenye pilipili, kutafuna muguka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoliongezea ini mwendo. Kahawa na muguka humfumbua macho, akajiona yu mzima, na hivyo hatari huzidi, kwa kuwa mlevi aliyesinzia huenda akabaki kitandani, lakini mlevi aliyechangamka hutoka. Ama kile wanachokiita "kutoa loki", yaani kunywa tena asubuhi ili kichwa kitulie, hicho ni kuuongeza mzigo juu ya mzigo.

Tena, hata pombe ikiisha damuni, madhara yake hayaishi papo hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwapima madereva kwa mtambo wa kuigiza uendeshaji, siku iliyofuata usiku wa kunywa sana. Pombe ilikuwa imekwisha miilini mwao, lakini waliyumba barabarani zaidi kuliko siku ambayo hawakuwa wamekunywa, na mawazo yao yalipotea kila mara. Kiu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi wa kweli huufanya mkono uwe mzito na jicho lichelewe. Na mtoto anayekatiza barabara kule Mishomoroni hamngoji dereva azindukane.

Sheria ya nchi nayo haiulizi ulikunywa saa ngapi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinamtia hatiani mwenye kuendesha, au kujaribu kuendesha, akiwa chini ya athari ya kinywaji au dawa kiasi cha kutoweza kukimudu chombo chake. Kinachoangaliwa ni hali aliyonayo wakati ule. Na anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa namna hiyo, kifungu cha 46 kinaruhusu afungwe hadi miaka 10. Katika miaka ya karibuni, nchi yetu imezika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani.

Na tukirudi kwenye dini yetu, tutaikuta imetangulia. Kabla pombe haijaharamishwa moja kwa moja, Suratun Nisaa, aya ya 43, iliwakataza waumini kuikaribia sala hali wamelewa, mpaka wajue wanayoyasema. Tuzingatie mpaka uliowekwa hapo. Hakuambiwa mtu angoje mpaka alale, wala mpaka kupambazuke. Aliambiwa angoje mpaka akili yake irudi. Ikiwa asiyejua anachokisema hakuruhusiwa kusimama mbele ya Mola wake, ambapo akikosea anajidhuru nafsi yake, atapewaje ruhusa ya kuzibeba roho za watu?

Wanachuoni wetu wamezigawa haki mafungu mawili: haki ya Allah na haki za waja. Aliyekunywa usiku ameivunja haki ya Allah, na mlango wa toba u wazi kwake. Akijuta kikweli, akaacha, akaazimia kutorudia, basi Mola wake ni Mwingi wa kusamehe. Lakini asubuhi akishika usukani, ameingia katika haki za waja, na haki za waja hazifutiki kwa machozi ya mswalani peke yake. Mguu wa mtoto uliokatika hauna istighfari ya kuurudisha.

Kwa uchache, kuua namna hii huhesabiwa kuwa ni kuua kwa kukosea, na hukumu yake imo katika aya ya 92 ya sura hiyo hiyo: kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, pamoja na diya kwa jamaa wa marehemu ila wasamehe. Diya hiyo asili yake ni ngamia 100, na katika fiqhi yetu ya Kishafi hubebwa na aakila, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba. Kumbe tangu zamani sheria ilijua kwamba kosa la mmoja huiangukia nyumba nzima. Basi nyumba nzima ina haki ya kusema kabla kosa halijatendeka.

Hilo ndilo tulilomjibu yule mama. Kusitiri aibu ya Mwislamu ni jambo jema, nasi twalihimiza. Lakini sitara ni ya dhambi iliyokwisha na isiyomdhuru mwingine. Dhambi iliyoko njiani kwenda kuua haisitiriwi, huzuiwa. Mtume (S.A.W.) alipowaamrisha maswahaba kumnusuru ndugu hata akiwa dhalimu, aliwafahamisha kwamba kumnusuru dhalimu ni kumzuia na dhulma yake. Kumfichia ufunguo ni kumnusuru. Wala mke asiogope kuwa amemwasi mumewe, kwani hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumwasi Muumba.

Hata hivyo, twawausia akina mama wawe na hadhari. Mwanamume aliyeamka na pombe kichwani aweza kuwa mkali. Ufunguo uondolewe amelala, usigombaniwe mlangoni. Kama pana hofu ya kupigwa, mwite kaka yake, baba yake au jirani mwenye heshima, au mpigie simu tajiri mwenye chombo. Nanyi mnaowapandisha watoto wenu, mtazameni dereva usoni kabla ya kumkabidhi amana yenu. Mkinusa harufu au mkiona macho mekundu na ulimi mzito, mshusheni mtoto, hata kama dereva ni mtoto wa shangazi.

Tuna neno pia kwa matajiri wa matatu na tuktuk. Vijana wengi hutoka asubuhi hali wanajua hawawezi, kwa sababu ya hesabu ya siku. Hesabu isipofika jioni, kazi imepotea. Tajiri anayejua kwamba dereva wake alilewa jana, kisha akamtaka hesabu kamili leo, ana fungu lake katika damu itakayomwagika. Siku moja bila hesabu ni hasara, lakini hasara hiyo hulipika.

Yule mama alimpigia simu tajiri. Chombo kilipewa dereva mwingine kwa siku tatu. Kijana alikasirika, na kwa juma zima hakusema na mama yake. Hajaacha pombe mpaka leo, na hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu. Lakini Jumatatu sasa hatoki kabla ya adhuhuri, na watoto wa majirani huchukuliwa na mtu mwingine. Mama angali anamwombea usiku. Ile dua yake ya asubuhi ameipumzisha.

Kwa wenye mtoto au mume aliyezama, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mlevi ni mgonjwa anayehitaji tiba pamoja na nasaha. Hapa Mombasa, jumuiya ya MEWA ina kituo cha kuwahudumia waliotekwa na vileo na dawa za kulevya, na namba 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo. Wala msimfukuze msikitini, wala msimwambie kuwa sala yake haina faida tena. Hata wanachuoni walioieleza hadithi ya siku 40 wamebainisha kwamba faradhi ya sala haimwondokei mlevi, na kwamba akitubu Allah humpokea.

Twamwomba Allah awaongoe vijana wetu, azilinde njia zetu, na awape mama zetu ujasiri wa kusema saa ile ambapo kusema kunafaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.