Kabla ya Kununua Lenzi Nyingine

Katika miaka ya 1950 kijana mmoja wa Pretoria alipata kitabu cha picha za watu wa Moscow. Kilikuwa kazi ya Mfaransa Henri Cartier-Bresson, kilichotoka mwaka 1955, na kilijaa watu wa kawaida wakiwa kazini, dukani na barabarani. Kijana huyo, Ernest Cole, akaona kwamba maisha ya watu wake yanaweza kusimuliwa vivyo hivyo, picha moja baada ya nyingine, ndani ya jalada moja. Mwaka 1967 kitabu chake, House of Bondage, kilichapishwa New York. Serikali ya makaburu ilikipiga marufuku Afrika Kusini. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka nchini mwaka mmoja kabla, na hakurudi tena.

Kitabu kimoja kilimfanya Cole awe mpiga picha wa namna fulani, na hilo linatosha kumwelekeza anayetaka kujifunza fani hii leo. Masomo ya kamera yamejaa kila mahali, na mengi yanaeleza vitufe. Vitabu na filamu zinazotajwa hapa zinashika swali gumu zaidi: mpiga picha alimfikiaje mtu aliye mbele yake, na mtu huyo alibaki na nini baada ya picha kupigwa.

Cole aliwafikia watu wake kwa hila. Alibadili tahajia ya jina la ukoo, kutoka Kole kuwa Cole, akafanikiwa kusajiliwa kama chotara badala ya Mweusi ili apate nafasi ya kutembea pale ambapo sheria za pasi zingemzuia. Mara nyingi aliificha kamera. Picha yake inayojulikana sana inaonyesha wanaume walioajiriwa migodini wakiwa wamepangwa mstari, uchi, mikono juu, nyuso zimeelekea ukutani, wakisubiri kupimwa afya. Mwanafunzi wa picha aikazie macho hiyo na ajiulize Cole alisimama wapi, kwa muda gani, na nani angeweza kugeuka akamwona.

Kuna somo jingine ambalo simu haimfundishi mtu. Cole alikigawa kitabu katika sura: migodi, pasi, treni zilizofurika, shule, watumishi wa nyumbani. Kila sura ina maelezo yake. Picha ya mtoto darasani anayetiririka jasho huku akimsikiliza mwalimu ni nzuri peke yake, lakini ikikaa karibu na madarasa yasiyo na madawati inakuwa ushahidi. Toleo jipya la mwaka 2022, lililochapishwa na Aperture, lina sura ambayo haikuwamo mwanzo, kuhusu sanaa na ubunifu wa Waafrika hao hao. Hilo ndilo toleo la kutafuta. Bila sura hiyo msomaji anawaona watu wakiteswa. Nayo ikiwepo anawaona pia wakichora, wakipiga muziki na kuishi.

Baada ya kitabu, itazamwe filamu ya Raoul Peck, Ernest Cole: Lost and Found, ya mwaka 2024. Peck ni Mhaiti aliyelelewa kwa muda Kinshasa, na uhamisho anaujua kwa maisha yake. Anasimulia jinsi Cole alivyoishi Marekani, akakosa hata makazi, na kufariki New York Februari 1990 akiwa na umri wa miaka 49, siku chache baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani. Mwaka 2017 negativu zake zipatazo 60,000 zilijitokeza katika benki moja ya Stockholm. Peck anaziacha picha zikae kwenye skrini muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya filamu za siku hizi, na huo ni ukarimu mkubwa kwa mwanafunzi.

Malick Sidibé hakuhitaji kujificha. Studio yake ilikuwa mtaa wa Bagadadji, Bamako, na vijana wa Mali huru walimwalika wenyewe kwenye dansi zao za Jumamosi. Alipiga, akarudi studio usiku, akasafisha picha, na siku chache baadaye vijana walikuja kujitafuta kwenye karatasi za sampuli zilizobandikwa. Picha yake ya mwaka 1963, ya wawili wanaocheza usiku wa Krismasi vichwa vikikaribia kugusana, inafundisha kuhusu wakati wa kubonyeza kuliko sura nzima ya nadharia. Mwaka 2007 alikuwa mpiga picha wa kwanza kupewa Simba wa Dhahabu wa heshima wa maonyesho ya Venice. Dolce Vita Africana, filamu ya Cosima Spender ya mwaka 2008, inamkuta mzee Sidibé akiwa bado anapokea wateja.

Kutoka hapo mtazamaji aende kwenye kazi inayosumbua moyo. The Salt of the Earth, ya mwaka 2014, iliongozwa na Wim Wenders pamoja na Juliano Ribeiro Salgado, mtoto wa mpiga picha Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefariki Mei 2025. Wenders alimketisha Salgado mbele ya kioo kinachopitisha taswira, hivyo mzee anazungumza huku akizitazama picha zake, na sura yake inachomoza ndani ya picha zenyewe. Kwa msomaji wa Tanzania kuna sehemu isiyotazamika kwa wepesi: Benako, wilayani Ngara, mwaka 1994, Wanyarwanda wakiwa wamevuka mpaka wa Rusumo kwa mamia ya maelfu, moshi wa asubuhi umetanda juu ya mahema. Yaliyomkuta Salgado Rwanda na katika kambi za Goma yalimvunja. Aliweka kamera chini, akarudi shamba la wazazi wake Brazili, na pamoja na mkewe Lélia wakaanza kupanda miti.

Picha hizo ni nzuri mno, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Susan Sontag, katika Regarding the Pain of Others cha mwaka 2003, alimlaumu Salgado kwa sababu watu walio kwenye picha zake za wahamaji hawatajwi majina. Lawama hiyo ina uzito. Mtu wa Ngara anajua kwamba umati ule ulikuwa na majina, koo na vijiji. Filamu itazamwe sambamba na kitabu hicho; ni chembamba, na kina faida kwa mpiga picha kuliko On Photography, kitabu chake maarufu zaidi cha mwaka 1977.

Pwani ya Waswahili nayo ina maktaba yake. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, aliandika Contesting Visibility mwaka 2013. Humo wamo wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, na mandhari zao za kuchorwa, na yumo Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifunza mwenyewe na kuunganisha vipande vya picha hadi vikawa kitu kipya. Sehemu yenye thamani zaidi ni ile inayowahusu wanawake Waislamu wasiotaka kupigwa picha, hasa harusini. Behrend anauchukulia uamuzi wao kwa heshima, na kila mpiga picha wa harusi kuanzia Tanga hadi Lamu angefaidika kwa kuusoma. Anayetaka historia ya mbali zaidi atafute The Surface of Things cha Prita Meier, cha mwaka 2024, kuhusu picha katika miji ya Waswahili.

Mpiga picha Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Wengi wanamjua kwa picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 kwa sauti ya Michael Buerk na kuamsha dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini. Miaka mitano baadaye alikufa katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na Komoro. Filamu Mo & Me inasimuliwa na mwanawe, Salim, naye haogopi kusema kazi hiyo iliigharimu nini familia. Vijana wanaoota kupiga picha za vita waitazame pamoja na wazazi wao.

Finding Vivian Maier, ya mwaka 2013, kuhusu yaya wa Chicago aliyeacha zaidi ya negativu 100,000, inafaa jioni ya mapumziko. Ni tamu, ingawa inapenda siri za maisha yake kuliko picha zake.

Na ufundi? Understanding Exposure cha Bryan Peterson, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na kurudiwa mara kadhaa, kinaeleza uhusiano wa tundu la lenzi, kasi ya shata na wepesi wa kunasa mwanga kwa lugha nyepesi. Toleo la zamani la mitumba linatosha, kwa kuwa mwanga haujabadilika. Mwenye simu tu asijione ameachwa nje: programu nyingi za kamera humruhusu kuipangia simu kasi ya shata mwenyewe, na pikipiki zinazopita barabarani zinatosha kuwa zoezi la kwanza.