Kwa Nini Mtu Hukubali Alilokusudia Kulikataa

Saikolojia ya jamii, yaani tawi la sayansi linalochunguza namna mtu anavyofikiri na kutenda awapo miongoni mwa wenzake, hutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. La kwanza ni ushawishi, ambapo mtu hubadili maoni baada ya kusikia hoja. La pili ni uitikiaji, ambapo mtu hutenda alichoombwa ingawa maoni yake hayajabadilika. Tafiti zilizofanywa tangu katikati ya karne ya 20 zimeonyesha kwamba uitikiaji mara nyingi hautegemei uzito wa hoja, bali hutegemea mazingira ya ombi: limetanguliwa na nini, limetoka kwa nani, na limemkuta mwombwaji akiwa peke yake au akiwa na mwenzake.

Ombi dogo na ombi kubwa

Mwaka 1966, Jonathan Freedman na Scott Fraser wa Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika Palo Alto, California. Katika mojawapo, wakazi waliombwa waruhusu bango kubwa la kuhimiza udereva wa uangalifu, lililoandikwa kwa mwandiko mbaya, lisimikwe mbele ya nyumba zao. Miongoni mwa walioombwa hivyo bila utangulizi wowote, waliokubali walikuwa takriban asilimia 17. Lakini miongoni mwa wale ambao wiki mbili kabla walikuwa wameombwa kuweka kibango kidogo chenye ujumbe kama huo, waliokubali walifika asilimia 76.

Maelezo yanayotolewa na wataalamu wengi ni kwamba mtu hujifahamu kwa kutazama matendo yake mwenyewe, kama anavyowafahamu wengine kwa kutazama matendo yao. Aliyekubali jambo dogo hujiona kuwa mtu wa kusaidia, na ombi la pili linapomfikia huona kwamba kulikataa ni kujipinga. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali, kwa maana mchovyo wa kwanza ndio unaofungua njia ya mingine.

Mbinu ya pili huenda kinyume. Mwaka 1975, Robert Cialdini na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliwaomba wanafunzi wawasindikize vijana wa kituo cha marekebisho ya tabia kwenda kuona wanyama katika bustani, kazi ya muda wa saa mbili. Walioombwa hilo tu walikubali kwa takriban asilimia 17. Kundi jingine liliombwa kwanza lijitolee kila wiki kwa muda usiopungua miaka miwili, jambo ambalo hakuna aliyelikubali; ombi hilo lilipoondolewa na kuwekwa lile dogo, nusu ya kundi ilikubali. Mchuuzi yeyote wa sokoni anayetaja bei ya juu akijua atapunguza anaitumia mbinu hii: anaposhuka yeye, mnunuzi naye huona haya asipopanda.

Deni la hisani

Msingi wa mbinu hiyo ya pili ni kanuni ya kulipana, ambayo wanasayansi wa jamii huihesabu miongoni mwa kanuni zinazopatikana karibu katika kila jamii: anayepokea huhisi anadaiwa, hata kama hakuomba alichopewa. Kanuni hii hujenga ujirani na undugu, lakini huweza pia kuingia mahali isipotakiwa. Mwaka 2016, uchambuzi wa takwimu za Marekani uliochapishwa katika jarida la JAMA Internal Medicine ulionyesha kuwa madaktari waliokula hata mlo mmoja uliogharimiwa na kampuni za dawa, mlo ambao kwa wastani haukufikia dola 20, waliandika dawa za kampuni hizo zaidi kuliko wenzao. Uhusiano wa aina hii peke yake hauthibitishi kwamba mlo ndio uliosababisha uamuzi, lakini unatosha kueleza kwa nini nchi na hospitali kadhaa huweka masharti juu ya zawadi kwa watabibu.

Wengi na wakubwa

Methali isemayo wengi wape ilipimwa kimaabara na Solomon Asch katika miaka ya 1950. Washiriki walitakiwa kulinganisha urefu wa mistari, kazi ambayo mtu akiwa peke yake ni nadra sana kuikosea. Walipoketishwa pamoja na kundi la watu waliopangwa kwa siri kutoa jibu moja lisilo sahihi, washiriki walifuata kosa la kundi katika takriban theluthi moja ya majaribio hayo, na robo tatu yao walilifuata angalau mara moja.

Nguvu ya cheo ilichunguzwa na Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale kuanzia mwaka 1961. Wanaume 40 waliamriwa na mtafiti kumpiga mtu shoti ya umeme, wakiongeza volti 15 kila alipokosea jibu. Mashine haikuwa na umeme wa kweli, nao hawakuambiwa hivyo. Wanaume 26 kati yao walifika mwisho wa swichi, yaani volti 450.

Katika hospitali, utii wa namna hiyo ni suala la uhai. Charles Hofling na wenzake walichapisha mwaka 1966 utafiti ambapo mtu aliyejitambulisha kuwa daktari, asiyejulikana wodini, alimpigia simu muuguzi wa zamu na kumwagiza ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa ambayo chupa yake iliandikwa kuwa dozi ya juu kabisa ni miligramu 10. Maagizo ya dawa kwa simu yalikuwa yamekatazwa, na dawa yenyewe haikuwa katika orodha iliyoidhinishwa. Hata hivyo, wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa tayari kuitoa kabla ya kuzuiwa. Wauguzi wengine walioelezwa mkasa huo kama swali tu walisema, karibu wote, kwamba wao wasingeitoa. Pengo hilo kati ya mtu anavyojidhania na anavyotenda ndilo linalozifanya mbinu hizi ziwe na nguvu: anayejiona yuko salama hajilindi.

Mtu wa pili

Watafiti haohao, na wengine waliowafuata, walionyesha pia jinsi nguvu ya kundi na ya cheo inavyovunjika. Asch alipoweka katika kundi mtu mmoja tu anayetoa jibu sahihi, makosa ya kufuata wengi yalishuka hadi takriban robo ya yale ya awali. Milgram alipowaweka kando ya mshiriki wenzake wawili waliogoma kuendelea, waliofika volti 450 walikuwa 4 tu kati ya 40. Na mwaka 1977, Steven Rank na Cardell Jacobson waliporudia mkasa wa wauguzi kwa kutumia dawa inayofahamika, huku wauguzi wakiwa huru kushauriana na wenzao, waliokuwa tayari kutii walikuwa 2 kati ya 18. Ni kweli kwamba katika jaribio hili la mwisho yalibadilika mambo zaidi ya moja, ikiwemo ujuzi wa dawa yenyewe. Lakini majaribio yote matatu yanaelekeza upande mmoja, kwamba shinikizo hustawi penye upweke na hunyauka penye shauri.

Ndiyo maana utapeli wa simu unaoenea Afrika Mashariki hupangwa kumnyima mlengwa mtu wa pili. Anayepiga hujiita mhudumu wa kampuni ya simu, hivyo huazima cheo. Huanza kwa kuomba jina, kisha namba, kisha namba ya siri, hivyo hupanda ngazi kidogo kidogo. Na husisitiza kwamba simu isikatwe na muda unakwisha. Kila sharti kati ya hayo limewekwa ili swali lisipate nafasi.

Kwa mhudumu wa afya anayetaka mgonjwa akubali chanjo au dawa, funzo ni kinyume cha utapeli huo: kumpa muda, kumruhusu aulize, na kumweleza wazi kuwa uamuzi ni wake. Kwa mwananchi, kinga ni nyepesi: ombi lolote linalohusu fedha, mwili au sahihi, na ambalo mwombaji hataki mtu mwingine alisikie, lisijibiwe kabla mtu huyo mwingine hajalisikia.